Usinunue gigabaiti: maoni yangu kuhusu kadi ya michoro kwa kompyuta ya zamani

Mwezi haupiti bila mtu kuniuliza: "Nina kompyuta ya zamani, nataka kuiwekea kadi ya michoro. Ninunue gani?" Anayeuliza huwa ni kijana anayehariri video za harusi, mwanafunzi anayejifunza Blender, mwenye kibanda cha michezo mtaani, au rafiki anayetaka tu mpira wa kwenye kompyuta usikwamekwame. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu hudhani lazima nijue na vyuma pia. Basi badala ya kurudia jibu lile lile kwa simu, leo naliandika lote hapa pamoja na maoni yangu, yakiwemo yale ambayo wauzaji hawatayapenda.

Maoni yenyewe ni haya: kadi nyingi wanazouziwa wenye kompyuta za zamani hapa kwetu hazifai kununuliwa kabisa. Si kwamba zote ni bandia (bandia zipo, nitafika huko). Shida ni kwamba zinauzwa kwa namba moja tu, yaani gigabaiti, kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza anataka kufanya nini. Na anayeumia si mwenye hela. Mwenye hela akikosea atanunua nyingine. Anayeumia ni yule aliyeweka shilingi mia mbili mia mbili kwenye M-Pesa kwa miezi sita.

Tunazungumzia mashine gani?

Tuelewane kwanza. Kompyuta ya mezani ambayo Mkenya wa kawaida anaimudu ni ya mtumba: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite au EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ilifanya kazi katika ofisi huko Uingereza au Marekani, ikastaafishwa, ikapakiwa kwenye kontena, na sasa iko Luthuli Avenue ikiwa imepanguswa vumbi na kubandikwa stika. Ndani yake mara nyingi kuna prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu au cha nne, yaani ya kati ya 2012 na 2014, na RAM ya gigabaiti 4 au 8.

Mimi nazipenda sana mashine hizi. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa ambazo hazitaki usumbufu, kwa hivyo ni imara na zinafunguka bila bisibisi. Lakini hazikutengenezwa kubeba kadi kubwa ya michoro. Pawa saplai yake ni ndogo, na plagi zake mara nyingi ni za kipekee: OptiPlex 9020 kwa mfano hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Ukiambiwa "tutabadilisha tu pawa saplai", muulize fundi atapata wapi inayoingia hapo. Kesi nayo inaweza kuwa nyembamba kiasi kwamba kadi ya kawaida haiingii hata ukiisukuma kwa maombi.

Hakikisha kwanza kwamba shida ni michoro

Hili ndilo jambo ambalo muuzaji hatakuuliza, kwa sababu jibu linaweza kumkosesha mauzo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu fanya ile kazi inayokusumbua huku ukitazama dirisha litakalofunguka.

Diski ikiwa asilimia 100 wakati mashine inakwama, shida yako ni diski. Nunua SSD. Hakuna kadi ya michoro duniani itakayoharakisha diski ya kuzunguka iliyochoka tangu 2013.

Memori ikiwa imejaa, shida yako ni RAM. Na hapa kuna siri ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Michoro iliyo ndani ya prosesa ya Intel haina memori yake, hukopa RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vijiti viwili vinavyofanya kazi sambamba hupitisha 25.6. Wauzaji wengi huweka kijiti kimoja tu ili wabaki na kingine cha kuuza. Kwa hiyo kabla ya kununua kadi, fungua mashine uhesabu vijiti. Ukiongeza cha pili, umeongeza RAM na umeipa michoro njia pana zaidi kwa gharama ndogo mno.

Prosesa ikiwa ndiyo iko 100, basi fikiria tena. Michezo mingi na kazi nyingi za kuhariri hubanwa na prosesa, na kadi itakaa pale ikisubiri kulishwa.

Baada ya kuyapita hayo matatu, kama bado kazi yako inakwama, au programu inakataa kabisa kufunguka, sasa tuzungumze kadi.

Kisa cha mpwa wangu

Nina mpwa anayeishi Nakuru, anajifunza kutengeneza katuni za kompyuta. Ana OptiPlex 7010 ile ya kesi kubwa, prosesa Core i5-3470, na SSD niliyomnunulia alipomaliza shule. Mwaka jana alinipigia simu: "Mjomba, Blender mpya imekataa kufunguka. Inasema kadi haitoshi."

Blender ilikuwa sahihi. Tangu toleo la 4.0 lililotoka Novemba 2023, Blender inadai OpenGL 4.3 kwenye Windows na Linux. Michoro ya Intel HD 2500 iliyo ndani ya i5-3470 inaishia OpenGL 4.0 kwenye Windows. Hapo hakuna ujanja wa kupunguza ubora wa picha. Ni mlango umefungwa. Hii ndiyo sababu halali ya kununua kadi, na ilinifurahisha kwamba aliweza kunieleza shida yake kwa sentensi moja.

Alikuwa amekusanya shilingi 9,000 kwa kusuka nywele wikendi, na tayari alikuwa ameingia duka moja mjini. Pale aliambiwa: "Dadangu, chukua hii GT 730, ni 4GB. Hiyo nyingine unayouliza ni 2GB tu." Hiyo nyingine ilikuwa GTX 750 Ti. Nilimwambia asitoe hata senti, atoke nje kwanza anipigie.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya yote.

GT 730 ilitoka 2014 kwa sura tatu tofauti chini ya jina moja. Ile inayouzwa sana yenye memori ya DDR3 na njia ya biti 64 hupitisha kama gigabaiti 14.4 kwa sekunde. Rudi juu kidogo usome tena: vijiti viwili vya RAM vya kawaida hupitisha 25.6. Yaani hiyo "kadi ya 4GB" ina memori ya polepole kuliko RAM ya mashine anayotaka kuisaidia. GTX 750 Ti ya mwaka huo huo, yenye hizo 2GB za kudharauliwa, hupitisha 86.4. Hiyo ni mara sita.

Gigabaiti ni ukubwa wa tangi. Upana wa bomba ni jambo jingine kabisa. Ukiwa na tangi la lita elfu kumi juu ya paa na bomba jembamba kama mrija wa soda, utaoga saa ngapi? Kadi dhaifu haiwezi kuijaza 4GB kwa kazi yoyote ya maana kabla haijachoka. Wanaozitengeneza wanajua hivyo. Memori ya DDR3 ni ya bei nafuu, na namba kubwa kwenye boksi inauza.

Mchezo huu haujaisha na GT 730. GT 1030 ya 2017 ilikuwa na GDDR5 na kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo la DDR4, jina lile lile, kasi ikashuka hadi 16.8. Hapo mnunuzi asiyesoma maandishi madogo anafanyaje? Mimi naona huo ni ulaghai wa heshima, na kuwa halali hakuufanyi kuwa sawa.

Mpwa wangu hakuchukua hata ile 750 Ti. Alisubiri wiki saba, akaongeza akiba, akanunua GTX 1650 iliyotumika, ya 4GB. Inapitisha gigabaiti 128 kwa sekunde, karibu mara tisa ya ile GT 730 ya duka. Lakini kilichoamua hasa hakikuwa kasi. Kiliamua draiva.

Draiva ndiyo umri wa kadi

Hapa naongea kama mtu wa programu. Kadi ya michoro haifi siku feni inapokwama. Feni utabadilisha. Inakufa siku kampuni inapoacha kuiandikia draiva, kwa sababu baada ya hapo kila programu mpya ni bahati nasibu.

Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, ambacho kina GT 730 nyingi, ziliishia kwenye draiva za mfululizo wa 470 wa 2021, na hata viraka vya usalama vikakoma 2024. Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, familia ya GTX 900 na familia nzima ya GTX 1000, zilipata draiva yake ya mwisho ya kawaida mwaka 2025. NVIDIA ilitangaza kwamba kinachobaki ni viraka vya usalama hadi Oktoba 2028. CUDA 13 iliyotoka Agosti 2025 nayo iliziacha. Kwa hiyo GTX 1050 Ti, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa naipendekeza kwa kila mtu na ilistahili, leo ninaipendekeza tu kwa anayecheza michezo ya zamani na akiipata kwa bei ya kutupa.

GTX 1650 ilitoka Aprili 2019 na ni ya kizazi cha Turing, ambacho hakikukatwa katika fagio lile la 2025. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua miaka na kununua miezi.

Kwa watumiaji wa Linux, upande wa AMD una heri moja: draiva yake iko wazi, imo ndani ya kerneli na Mesa, na watu huendelea kuitunza hata baada ya kampuni kugeukia bidhaa mpya. Mwaka 2021 AMD iliziacha kadi nyingi za zamani kwenye Windows, lakini kwenye Linux zikaendelea kupumua. Kwa nchi inayoishi kwa mitumba, programu huria ni chakula. Watu hunicheka ninaposema hivi, lakini sioni mzaha ndani yake.

Hesabu za umeme na nafasi

Sloti ya PCI Express x16 inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iwe na plagi yake ya pini 6 au 8 kutoka pawa saplai, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. Kwa hiyo sheria yangu ni rahisi: mashine ya mtumba ya ofisi, kadi isiyo na plagi. GTX 1060 inakula wati 120, RX 580 inakula zaidi. Usikubali fundi akuunganishie plagi hiyo kwa adapta ya kuokota waya wa diski. Nimeona waya ulioyeyuka, na harufu yake huisahau.

Hesabu ya mpwa wangu ilikuwa hivi: pawa saplai wati 275. Prosesa wati 77, kadi wati 75, ubao mama na RAM na diski na feni tuseme 50. Jumla 202. Inatosha, na kuna akiba kidogo kwa pawa saplai iliyozeeka. Fanya hesabu yako kwa kalamu kabla ya kutoa hela.

Kwa kesi nyembamba, mambo ni magumu zaidi. Unahitaji kadi fupi yenye kibati kifupi, na katika baadhi ya mashine sloti kuu imebanana na pawa saplai hivi kwamba kadi nene ya nafasi mbili haiingii. Tena mwongozo wa mashine unaweza kuwekea sloti hiyo kikomo kilicho chini ya wati 75, kwa hivyo usome. Hapa ndipo kadi za ofisi za NVIDIA zinaposaidia: T400 (wati 30), T600 (wati 40) na T1000 (wati 50). Zote ni fupi, nyembamba, na za Turing. Watu wanazipita sokoni kwa sababu hazina jina la michezo. Uliza tu kama kibati kinachofaa kesi yako kipo, na kama zinakuja na vigeuzi, maana matundu yake ni mini DisplayPort.

Nikigusia matundu: skrini nyingi za mtumba ni za VGA. Kuanzia GTX 1000, kadi za NVIDIA hazitoi tena mawimbi ya analogi, kwa hiyo waya wa kawaida wa DVI kwenda VGA hautaonyesha kitu. Utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake. Kiweke kwenye bajeti. Nimewahi kuona mtu akirudisha kadi nzima dukani kwa sababu ya kigeuzi cha shilingi mia chache.

Kadi za kujihadhari nazo, ingawa ni mpya

RX 6400 ya AMD ya 2022 inavutia: wati 53, fupi, haina plagi. Lakini inatumia njia nne tu za PCI Express 4.0. Mashine ya kizazi cha tatu ina 3.0, na ya kizazi cha pili ina 2.0, kwa hiyo njia hizo nne zinakuwa nyembamba na kadi inapoteza nguvu yake pale pale memori inapojaa. Kibaya zaidi kwa wahariri wa video, haina sehemu ya kusimba video kabisa. Mhariri wa harusi akiinunua, atajuta siku ya kutoa faili.

Intel Arc A310 na A380 ni kadi nzuri kwa video, zinajua hata AV1. Lakini zinahitaji Resizable BAR ili zifanye kazi ipasavyo, na Intel yenyewe hupendekeza prosesa za kizazi cha kumi kwenda juu. Kwenye OptiPlex ya 2012, achana nazo.

RTX 3050 ya 6GB iliyotoka Februari 2024 ni kadi nzuri sana ambayo haina plagi: wati 70, kizazi cha Ampere. Najihadhari nayo kwa sababu ya bei tu. Inaweza kugharimu kuliko mashine yote inayoibeba. Inunue ikiwa una mpango wa kuihamishia kwenye mashine nyingine baadaye.

Bandia zipo

Kadi ya zamani kama GTX 550 Ti ya 2011 huweza kuandikiwa BIOS mpya ikajitambulisha kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaamini, wewe utaamini, mpaka siku utakapoweka draiva halisi. Dawa ni bure: programu ya GPU-Z. Tangu toleo la 2.12.0 la 2018, hutambua kadi bandia za NVIDIA na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye flashi. Muuzaji akikataa usiifungue kwenye mashine yake, ameshakujibu.

Kuhusu kadi zilizochimba sarafu za mtandao, Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022 na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Tazama feni kama zinazunguka laini, tazama kama skrubu zimekwanguliwa, kisha iwashe kwa dakika kumi na tano chini ya mzigo ukitazama joto. Dakika mbili hazitoshi.

Namna ya kuifunga

Hii kazi si ya kumlipa mtu elfu moja. Fanya hivi:

1. Sasisha BIOS ya mashine kwanza, wakati bado inafanya kazi kwa michoro ya ndani. BIOS za zamani huweza kukupa skrini nyeusi kwa kadi mpya. Usifanye hivyo siku ambayo stima inapotea ovyo mtaani kwenu. Ikikatika katikati, umepoteza ubao mama.

2. Zima, chomoa waya wa stima, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

3. Fungua kesi, gusa chuma chake kwa mkono kabla ya kugusa kadi. Pangusa vumbi, hasa kwenye feni ya pawa saplai.

4. Ondoa kibati kinachofunika tundu nyuma, ingiza kadi wima kwenye sloti ndefu mpaka usikie "tap" ya kishikio, kisha ifunge vizuri. Kadi inayoning'inia itakusumbua baadaye.

5. Chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Nimepigiwa simu usiku wa manane na watu wazima kwa ajili ya jambo hili.

6. Washa, weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, si ya tovuti za matangazo. Kwenye Linux, thibitisha kwa lspci -k kwamba draiva iliyoshika ni ile unayoitaka.

7. Fungua ile ile kazi iliyokusumbua mwanzo. Hiyo ndiyo alama yako ya mtihani. Namba za mashindano waachie wengine.

"Si anunue tu mashine mpya?"

Wenzangu wa programu huniambia hivi, na hoja yao ina uzito. Windows 10 ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, kimsingi prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine ya kizazi cha tatu haimo, na kadi ya michoro haibadilishi hilo.

Nakubali nusu. Mashine ikiwa ya kizazi cha pili au nyuma ya hapo, usiiwekee kadi, weka akiba. Ikiwa ya tatu au ya nne, iwekee kadi ambayo utaihamisha, na uwe tayari kutumia Linux. Mpwa wangu anatumia Linux sasa. Alilalamika siku nne, ya tano akanyamaza kwa sababu Blender haikujali. Siku atakapopata mashine ya kizazi cha nane yenye sloti kamili, atachomoa ile 1650 aende nayo. Ndiyo maana nasema kadi inunuliwe kama jembe: mpini utabadilika, chuma kitabaki.

Nusu nyingine siikubali, kwa sababu "nunua mpya" ni ushauri wa mtu mwenye mshahara. Na sisi waandishi wa programu tuna mkono katika hili. Siwalaumu watu wa Blender: OpenGL 4.3 ilitangazwa 2012, wamesubiri miaka kumi na moja kabla ya kuidai, na wakasema wazi. Nawalaumu wale wanaotengeneza ukurasa wa kuonyesha bei za nyanya unaofanya feni ipige kelele. Kila tunapoongeza madoido yasiyo na kazi, tunamwambia msichana wa Nakuru arudi kusuka wikendi nyingine ishirini. Kama programu yako inahitaji kadi fulani, iandike mwanzoni kabisa, kwa lugha ya mtu, kabla hajapakua kwa bando lake.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Kwenye kila kadi mnayouza bandikeni mambo manne: jina kamili, aina ya memori, wati, na kama draiva bado zinatolewa. Karatasi moja ndogo inatosha. Mteja atakayerudi na furaha ataleta wenzake watatu.

Na wewe mnunuzi, ukiingia dukani ukaambiwa "hii ni 4GB", uliza swali moja tu: ya aina gani, na inapitisha kiasi gani? Ukiona muuzaji anatazama juu, shika hela yako vizuri utoke. Duka lingine liko mlango wa pili.

Haya, kazi kwenu.